Folda Ndani ya Folda: Manufaa ya Rikasheni katika Kazi za Kila Siku za Programu

Katika fani ya kuandika programu za kompyuta, rikasheni ni mbinu ambayo kwayo fankisheni, yaani kipande cha msimbo kilichopewa jina na kazi maalumu, hujiita yenyewe ingali kazini, ili ishughulikie sehemu ndogo zaidi ya tatizo lilelile ililokabidhiwa mwanzoni. Mbinu hii hufundishwa karibu katika kila kozi ya msingi ya sayansi ya kompyuta, na wanafunzi wengi humaliza kozi hizo wakiamini kwamba wameonyeshwa kiinimacho cha kihisabati ambacho hakitawafaa kitu watakapoingia kazini. Imani hiyo haikuzuka bure. Mfano wanaopewa aghalabu ni wa faktoria, yaani zao la namba nzima zote kuanzia 1 hadi namba fulani, kama vile faktoria ya 5, ambayo ni 1 × 2 × 3 × 4 × 5, sawa na 120. Na hesabu hiyo kitanzi cha kawaida, ambacho ni agizo la kurudia hatua zilezile mpaka sharti fulani litimie, huimaliza kwa mistari mitatu bila taabu. Isitoshe, faktoria ya 20 ndiyo kubwa ya mwisho inayoenea katika biti 64, kipimo cha kawaida cha namba nzima ndani ya kompyuta za leo, hivyo mwanafunzi hubebeshwa dhana nzito kwa ajili ya safari ya hatua 20.

Rikasheni huonyesha thamani yake pale ambapo data yenyewe imeundwa kwa vipande vinavyofanana na mzima wake, na ambapo hakuna ajuaye mapema vipande hivyo vitapangana ndani kwa ndani hadi kina gani. Mfano ulio karibu na kila mtumiaji wa kompyuta ni folda. Folda huhifadhi faili, lakini pia huhifadhi folda nyingine, ambazo nazo huweza kuwa na folda ndani yake, wala hapana mtu aliyeweka idadi ya tabaka zitakazofuata. Mtu anapobofya folda na kutaka kujua ukubwa wake, kompyuta hulazimika kupita kila tabaka mpaka ya mwisho, na msimbo wa kazi hiyo, ukiandikwa kwa maneno ya Kiswahili, unaweza kuwa hivi:

fankisheni ukubwa(folda):
    jumla = 0
    kwa kila kitu kilichomo ndani ya folda:
        kama kitu ni faili, jumla = jumla + uzito wa faili hiyo
        kama kitu ni folda, jumla = jumla + ukubwa(kitu)
    rudisha jumla

Mstari wa tano ndio wenye rikasheni, kwa kuwa fankisheni ya ukubwa inaitwa humo ndani ya maelezo yake yenyewe. Inafaa kuona pia kwamba kitanzi hakikufukuzwa: kipo katika mstari wa tatu, kikipita vitu vya tabaka moja kimoja baada ya kingine, ilhali rikasheni inashuka kutoka tabaka moja hadi nyingine. Mjadala unaozifanya mbinu hizi mbili kuwa mahasimu, na unaopendwa mno na wanaoanza kazi, unasahau kwamba katika programu za kweli aghalabu huishi pamoja.

Mwenendo wa msimbo huu hueleweka vizuri ukifuatwa kwa namba. Iwapo kuna folda iitwayo Harusi, yenye faili ya bajeti ya megabaiti 1, orodha ya wageni ya megabaiti 2 na folda ya Picha, mwito wa kwanza unaanza na jumla ya 0, unasoma faili mbili na kufikia 3, kisha unakutana na Picha. Hapo unasimamisha kazi yake ukiwa na ile 3 mkononi, na mwito mpya wa fankisheni ileile unaanza ukiwa na jumla yake yenyewe ya 0, isiyochanganyika na ya kwanza. Mwito wa pili unasoma picha mbili, moja ya megabaiti 4 na nyingine ya 5, unafikia 9, unaikuta folda ya Video, unasimama nao. Ndani ya Video kuna faili mbili tu, za megabaiti 180 na 120, wala hakuna folda nyingine, kwa hiyo mwito wa tatu hauna haja ya kuita mwingine: unarudisha 300 na kwisha. Mwito wa pili unaendelea ulipoachia, unaongeza 300 kwenye 9 yake na kurudisha 309. Wa kwanza nao unaongeza 309 kwenye 3 na kutoa jibu, megabaiti 312.

Kila rikasheni iliyo salama huwa na sharti la kukoma, yaani hali ambayo fankisheni hutoa jibu bila kujiita tena. Katika msimbo wa folda sharti hilo limejificha, kwani halikuandikwa popote kwa maneno. Ni ile folda isiyo na folda nyingine ndani yake, ambayo kwayo mstari wa tano hautekelezwi kamwe. Wanaoanza kujifunza huhangaika zaidi na jambo jingine: hujaribu kushika miito yote akilini kwa wakati mmoja, kama ilivyofuatwa hapo juu, na folda zikiwa na tabaka saba au nane akili hushindwa. Mwandishi mzoefu hafanyi hivyo. Yeye huuliza maswali mawili tu, la kwanza ikiwa jibu la folda isiyo na folda nyingine ndani yake ni sahihi, na la pili ikiwa jibu la folda ya juu litakuwa sahihi endapo majibu ya folda zilizo ndani yake ni sahihi. Yakijibika yote mawili, kazi imekwisha, kwa hoja ileile ambayo wanahisabati huiita induksheni.

Njia mbadala inayowajia wengi kwanza ni kuandika kitanzi ndani ya kitanzi, kimoja kwa kila tabaka. Msimbo wa vitanzi vitatu hufanya kazi vizuri kwenye kompyuta ya aliyeuandika, ambaye folda zake zina tabaka tatu, halafu hupelekwa kwa mtumiaji mwenye tabaka tano. Ubaya wake ni kwamba hautoi hitilafu yoyote: unarudisha namba, namba yenyewe ni ndogo kuliko ukweli, na hakuna anayeshtuka mpaka diski ijae.

Miundo ya aina hii, ambayo wataalamu huiita miti kwa kuwa shina moja hugawanyika katika matawi na matawi kuishia kwenye majani, imejaa katika kazi za ofisini kuliko inavyodhaniwa. Mgawanyo wa maeneo ya utawala nchini Tanzania ni mti ulio dhahiri. Nchi ina mikoa 31, 26 ya Tanzania Bara na 5 ya Zanzibar. Mkoa una wilaya, wilaya za Bara zina tarafa na kata, na kuanzia kwenye kata njia zinaachana, kwani vijijini kata ina vijiji na kijiji kina vitongoji, ilhali mijini kata ina mitaa na chini ya mtaa hakuna ngazi nyingine. Katika mamlaka za miji midogo kuna vitongoji visivyo na kijiji juu yake, na Zanzibar ngazi ya chini ni shehia. Mwandishi wa programu anayetaka kujumlisha idadi ya watu, iwe ni wale 61,741,120 waliohesabiwa katika Sensa ya mwaka 2022 au ni wapokeaji wa mbolea ya ruzuku wa msimu mmoja, akitumia kitanzi kwa kila ngazi atajikuta anaandika masharti chungu nzima ya kutenganisha mji na kijiji, Bara na Visiwani, na kila sharti ni mahali papya pa kukosea.

Kwa rikasheni kanuni inabaki moja: idadi ya watu wa eneo ni jumla ya idadi za maeneo yaliyo ndani yake, na eneo lisilo na maeneo mengine ndani yake hutoa idadi iliyohesabiwa hapo. Fankisheni haihitaji kujua neno kata wala neno shehia. Mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, programu iliyoandikwa kwa kanuni hiyo ingehitaji data mpya tu, bila kuguswa mstari wake hata mmoja, jambo ambalo kwa mwenye dhamana ya kutunza mfumo wa ofisi kwa miaka kumi ni muhimu kuliko umaridadi wowote wa msimbo.

Katika kanzidata, mti kama huo kwa kawaida huhifadhiwa katika jedwali moja ambalo kila mstari wake una namba ya eneo, jina lake na namba ya eneo mzazi. Swali la aina ya "yaonyeshe maeneo yote yaliyo chini ya wilaya hii, hata yawe ngazi gani" lilikuwa gumu kuulizwa kwa SQL, lugha ya kuwasiliana na kanzidata, mpaka viwango vya mwaka 1999 vilipoingiza maulizo ya kujirejea, ambayo PostgreSQL iliyapokea katika toleo la 8.4 la mwaka 2009 na MySQL katika toleo la 8.0 la mwaka 2018. Kabla ya hapo watumiaji wa MySQL walikuwa wakituma ulizo moja kwa kila ngazi, wakisubiri jibu, wakituma jingine. Hatari ya maulizo haya ni data mbovu: karani akikosea akaandika kwamba mzazi wa wilaya ni mojawapo ya kata zake, ulizo linaweza kuzunguka bila kikomo, kwa hiyo busara ni kuhifadhi orodha ya maeneo yaliyokwisha kupitiwa na kukataa kuyarudia. Folda nazo zina ugonjwa huo, maana kiungo kilichomo ndani ya folda kinaweza kuelekeza kwenye folda mama, na ndiyo maana mfumo wa Linux hukataa kuendelea na anwani ya faili baada ya kufuata viungo 40.

Kurasa za tovuti na data ya JSON, muundo ambao kwao programu za simu hupokea majibu kutoka kwenye seva, ni miti vilevile. Kivinjari hakiwezi kuchora ukurasa bila kushuka katika kisanduku kilichomo ndani ya kisanduku.

Lugha za programu zenyewe husomwa hivyo. Fungu la hesabu kama 2 × (3 + (10 − 6)) lina mabano ndani ya mabano, na kanuni yake fupi ni kwamba kila mahali panapofaa namba panafaa pia fungu zima la hesabu lililofungwa kwa mabano. Basi fankisheni ya kusoma fungu, ikikuta bano linafunguka, hujiita ili isome kilichomo, hurudi na 4 kwa mabano ya ndani, na 7 kwa ya nje, kisha hukamilisha 14. Mtindo huu si wa darasani pekee. GCC, mojawapo ya programu zinazotegemewa sana duniani kwa kugeuza msimbo wa C++ kuwa maagizo ya mashine, ilikiacha kisomaji chake cha zamani kilichozalishwa na zana maalumu na kuanza kutumia kilichoandikwa kwa mkono kwa fankisheni zinazoitana kwa namna hii, katika toleo la 3.4 la mwaka 2004.

Mbinu hii haikukubalika tangu mwanzo. Lugha ya Fortran, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957, haikuiruhusu, kwa kuwa kila fankisheni ilitengewa mahali pamoja tu pa kuhifadhi namba zake na anwani ya kurudia, na mwito wa pili ungefuta maandishi ya wa kwanza. Ruhusa rasmi ilikuja na toleo la Fortran 90. John McCarthy, aliyeibuni lugha ya Lisp mwaka 1958 huko Marekani, aliifanya rikasheni kuwa nguzo ya lugha hiyo, na lugha ya ALGOL 60 nayo ikairuhusu. Aliyefaidika haraka alikuwa Mwingereza Tony Hoare, ambaye alipokuwa mwanafunzi Moscow, akishughulikia tafsiri ya Kirusi kwa kompyuta, alihitaji kupanga maneno ya sentensi kwa alfabeti na akabuni njia yake ya upangaji wa haraka: chagua kitu kimoja, weka vidogo kuliko hicho upande mmoja na vikubwa upande wa pili, kisha fanya vivyo hivyo kwa kila upande. Wazo lilikuwa fupi, lakini kuliandika katika lugha za wakati huo kulikuwa na usumbufu, mpaka alipohudhuria kozi ya ALGOL 60 mjini Brighton mwaka 1961, ambapo kati ya walimu wake walikuwamo Peter Naur na Edsger Dijkstra. Kwa rikasheni, maneno "fanya vivyo hivyo" yakawa miito miwili tu.

Gharama ipo, nayo ni ya kumbukumbu. Kila mwito unaosimama kusubiri hutengewa nafasi ya kuhifadhi namba zake na mahali pa kurudia, na nafasi hizo hupangwa moja juu ya nyingine katika eneo liitwalo rundo la miito, mfano wa sahani zinazorundikwa, ambapo ya mwisho kuwekwa ndiyo ya kwanza kuondolewa. Eneo hilo lina mpaka: katika mifumo mingi ya Linux ni megabaiti 8 kwa programu, katika Windows kwa kawaida ni megabaiti 1, na lugha ya Python hujiwekea kikomo cha miito 1,000 hivi kabla ya kutangaza hitilafu. Watu husoma takwimu hizi wakaogopa rikasheni kwa jumla, na hilo ni kosa la kuchanganya wingi na kina. Folda zenye faili milioni moja mara chache huzidi tabaka 20 au 30, na rundo hukua kwa kina cha mti, si kwa idadi ya majani yake. Upangaji wa Hoare kwa orodha ya vitu milioni moja, iwapo kila mgawo unakaribia nusu kwa nusu, hufika kina cha miito 20 na ushei. Lakini orodha iliyokwisha kupangika, mwandishi akichagua daima kitu cha kwanza kuwa kigawanyo, hukifikisha kina hicho karibu na milioni, na programu huanguka. Tiba inayojulikana ni kutumia rikasheni kwa kipande kidogo pekee na kukiachia kitanzi kipande kikubwa.

Kinyume chake, anayetumia rikasheni kupita orodha ya kawaida ya majina 100,000, jina moja kwa kila mwito, anajitafutia balaa katika Python na Java, maana kina chake ni sawa na urefu wa orodha. Lugha ya Scheme, iliyobuniwa mwaka 1975, humwokoa kwa kuufuta mwito ambao hauna kazi iliyobaki isipokuwa kurudisha jibu la mwingine. Lugha nyingi zinazotumika maofisini hazifanyi hivyo.

Tatizo la pili ni kazi inayorudiwa bila sababu, na hapa mfano wa darasani wa namba za Fibonacci, ambazo kila moja ni jumla ya mbili zilizoitangulia, unastahili kubaki, japo kama onyo. Fankisheni iliyoandikwa kwa kufuata maelezo hayo neno kwa neno, ikitakiwa kutafuta namba ya 40, hufanya miito 331,160,281, kwa kuwa namba ileile hukokotolewa upya katika matawi tofauti mara mamilioni. Ikipewa daftari la kuandikia majibu iliyokwisha kuyapata, kazi hiyo hubaki makumi machache ya hatua. Mti wa folda hauna kasoro hiyo, kwani kila folda ina mzazi mmoja na hufikiwa mara moja. Ila data ambayo kipande kimoja hutumiwa na wazazi wengi, mathalani programu inayotegemea maktaba mbili ambazo zote zinategemea maktaba ya tatu, huhitaji daftari kama hilo.

Palipo na hofu ya kina kisichojulikana, hasa data inapotoka kwa watu wasioaminika ambao wanaweza kutuma mabano 100,000 yaliyofungana makusudi, mwandishi huweka kikomo chake mwenyewe cha kina, au huacha kutegemea rundo la kompyuta na kutunza orodha yake ya vitu vinavyosubiri kupitiwa. Fankisheni ya Python ya kupitia folda, os.walk, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikijiita yenyewe, iliandikwa upya kwa njia hiyo katika toleo la 3.12 la mwaka 2023, kwa sababu folda zenye kina kirefu kupita kiasi zilikuwa zikiigonga ile hitilafu ya kikomo. Msimbo mpya una kitanzi kimoja na orodha: hutoa folda moja kwenye orodha, huzisoma faili zake, huziongeza folda zake za ndani kwenye orodha ileile, na kuendelea hadi orodha iishe. Umekuwa mgumu kiasi kuusoma, na anayeutazama kwa makini atatambua kwamba orodha hiyo ni lile rundo la miito, limehamishwa tu kutoka mikononi mwa lugha kwenda mikononi mwa mwandishi.